Kichwa cha lori kimefeli kipimo cha moshi (58, 61, 57), nianzie wapi kabla ya kurudi?

DerevaMwenyewe

Wakuu habari za kazi. Naombeni msaada wa kweli, maana kichwa hiki ndicho kazi yangu yote, sina kingine.

Injini ni ya dizeli, silinda sita, ina tabo (inayosukuma hewa kwenye injini) na intakula (inayoipoza hiyo hewa), nozeli za umeme (zinazopuliza mafuta), EGR (inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) ipo, DPF (kichujio cha masizi kwenye ekzosi) haina. Wiki iliyopita nilikipeleka kupima moshi, kikafeli. Mkaguzi alichomeka kipimo kwenye ekzosi, akaniambia niweke frii, nikanyage mafuta ghafla mpaka chini kisha niachie. Mara tatu za kusafisha bomba, halafu tatu za kuhesabiwa. Zikaja 58, 61 na 57. Kikomo nilichopewa kwa gari la umri huu ni 40. Nina siku 30 za kurudi.

Moshi ni mweusi. Nikiwa na mzigo, nikianza kupanda mlima, linatoka wingu halafu linapungua tabo ikishashika. Nguvu imepungua kidogo, si ya kulalamikia. Mafuta linakula zaidi ya zamani. Oili haipungui, maji hayapungui. Taa ya injini haiwaki.

Fundi wangu anasema nozeli zimekwisha zote sita, tufungue. Kabla sijaingia huko nauliza: nianzie wapi? Na siku yenyewe ya kurudi, gari linaandaliwa vipi?

GiaJuu

Pole kaka. Mwaga dawa ya kusafisha nozeli kwenye tangi, tembea nayo siku mbili tatu. Halafu asubuhi ya kipimo unganisha kompyuta ufute kodi zote za hitilafu, uingie safi. Mimi hufanya hivyo.

FundiWaHewa

DerevaMwenyewe, usifungue nozeli bado.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilizifungua. Kichwa changu mwenyewe, si cha mteja. Kilikuwa na moshi kama huo wako, mweusi wa kuanzia, unaokatika tabo ikishika. Nikasema nozeli. Nikanunua sita, nikafunga, nikaenda kupima, kikafeli tena kwa namba zilezile au karibu yake. Usiku ule nililala chini ya gari na taa ya kichwani na chupa ya maji ya sabuni. Mpira wa intakula wa upande wa chini, pale unapopita karibu na kishikio cha bomba la maji, ulikuwa umesuguliwa mpaka nyuzi zinaonekana, na katikati ya zile nyuzi kulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha. Gari likiwa limezimwa mpasuko unajifunga, unaupitishia kidole na husikii kitu. Nilipojaza upepo ndani ulifunguka kama mdomo, povu likafura likanidondokea usoni. Tangu usiku ule gari la moshi mweusi likiingia kwangu naanza na hewa, na mafuta nayagusa mwisho.

Sababu yake ni hii. Kipimo ulichofanyiwa kinafuata utaratibu unaoitwa J1667. Ndani ya ile mashine kuna mwanga unaopita katikati ya moshi, na ile 58 maana yake ni kwamba asilimia 58 ya mwanga haikufika upande wa pili. Unapokanyaga ghafla, dizeli inafika kwenye silinda papo hapo. Hewa haifiki papo hapo, inasubiri tabo izunguke. Kompyuta ya injini inalijua hilo, kwa hiyo inasoma presha ya hewa na kuyabana mafuta mpaka hewa itoshe. Kinachoichelewesha hewa, kinachoivujisha, au kinachoidanganya kompyuta kuhusu hewa, kinageuka masizi. Na hilo wingu lako la mlimani ndilo hilohilo analoliona mkaguzi.

Kwa hiyo anza na chujio la hewa. Kama lina kile kipima-mvuto kidogo chenye alama nyekundu, kitazame. Kama limechafuka badilisha, usilipulize kwa kompresa. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona, na vumbi linalopita hapo linakula vile vipanga vya tabo. Ukiwa umelifungua, ingiza mkono kwenye bomba la kuingilia tabo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, uzungushe shafti kwa kidole. Kuchezacheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Kipanga kikigusa ukuta wa nyumba yake, au shafti ikienda mbele na nyuma kwa kuonekana, tabo inakuaga. Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba usikutishe, ila oili ikiwa imetuama kama dimbwi hiyo ni habari nyingine.

Pili, pima intakula na mipira yake yote kwa upepo, kuanzia pale hewa inapotoka kwenye tabo mpaka inapoingia kwenye manifodi, lile bomba linaloigawa hewa kwa silinda. Kutazama kwa macho hakutoshi, nimekueleza kilichonipata. Ziba ncha mbili, jaza mpaka psi 30, funga koki, angalia geji na saa. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni kwamba isishuke zaidi ya psi 5 ndani ya sekunde 15, lakini fuata kitabu cha injini yako kama kinasema tofauti. Ikishuka zaidi, chukua maji ya sabuni utafute. Vile vizibo vifunge kwa mnyororo kwenye fremu. Kizibo kikichomoka kwa presha hiyo kinavunja taya la mtu. Vaa miwani, usikae mbele yake.

Tatu, sensa ya presha ya hewa kwenye manifodi. Ichomoe uiangalie mdomo. Kwa injini yenye EGR mara nyingi utaikuta imevaa masizi mazito kama lami. Ioshe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, taratibu, usiichokonoe kwa waya. Sensa iliyoziba mara nyingi haiwashi taa yoyote, inasoma kwa kuchelewa tu, na kompyuta inaamini.

Nne, EGR yenyewe. Vali yake ikikwama wazi hata kidogo, unarudisha moshi kwenye silinda wakati uleule injini inalilia hewa safi. Ichomoe, isafishe, hakikisha inafunga mpaka mwisho. Ikiwa inafunguka kwa umeme, kompyuta itakuonyesha nafasi iliyoamriwa na nafasi iliyopo. Zikitofautiana, umempata.

Hapo ndipo uende kwenye tapeti, yaani zile nafasi za vali. Watu wanazisahau kwa sababu injini inaendelea kutembea. Zisetiwe injini ikiwa baridi, kwa vipimo vilivyo kwenye kibati cha injini, si kwa vipimo vya kichwani. Vali isipofunguka inavyopaswa, silinda haivuti hewa yake kamili.

Nozeli ndizo za mwisho, na hata hapo usibadilishe sita kwa kubahatisha. Unganisha kompyuta, kata silinda moja moja huku injini inanguruma polepole. Ukikata silinda na mngurumo haubadiliki, hiyo silinda haikuwa inafanya kazi yake. Au injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, na baada ya dakika chache elekeza kipimajoto kwenye kila tawi la ekzosi. Lenye joto tofauti na wenzake linakuambia uanzie wapi.

Sasa GiaJuu, ndugu yangu, sikugombezi, ila hilo la kufuta kodi asubuhi ya kipimo limewaangusha watu wengi. Kwa magari mapya linafelisha lenyewe. Atakayejua zaidi aeleze. Na dawa ya tangi haizibi mpira uliotoboka.

BiUsukani

Fundi, mimi naeleza hilo la kodi, maana lilinikuta.

Gari langu lina DPF na SCR (inayopunguza gesi chafu za NOx kwenye moshi). Wenye magari ya namna hii, mkaguzi anachomeka waya kwenye ile soketi ya pini tisa na kuuliza kompyuta maswali. Mimi fundi alibadilisha sensa ya NOx, akafuta kodi, taa ikazima, kesho yake asubuhi nikaenda na furaha. Nikarudishwa. Kompyuta ina vipimo vyake vya ndani inavyojifanyia yenyewe: wa EGR, wa DPF, wa kichocheo cha NOx, wa presha ya tabo na vinginevyo. Ukifuta kodi, vile vipimo navyo vinafutika vinaanza upya, na mkaguzi anaona kwamba gari limefutwa juzi tu. Kwake yeye ni kama mtu aliyenawa damu mikononi.

Na kuna kodi za kudumu ambazo hata ukichomoa betri hazitoki. Zinaondoka pale tu kompyuta ikijipima yenyewe na kukuta ugonjwa umepona.

Kilichonisaidia ni kulitembeza. Siku kadhaa, kila siku naliacha lilale usiku kucha lipoe kabisa, asubuhi naliwasha na kuliacha lijifanyie mambo yake, halafu barabara kuu na mzigo, mwendo mmoja muda mrefu bila kukanyaga na kuachia. Vipimo vilijaza kimoja kimoja. Cha DPF kilichelewa kuliko vyote. Sikurudi kwa mkaguzi mpaka nilipoona vyote vimekamilika kwenye kisomeo changu mwenyewe. Kwa hiyo matengenezo fanyeni wiki mbili kabla, msifanye jana yake.

Jambo jingine: gari lenye DPF nzima, bomba likiwa limepoa, pitisha kitambaa cheupe ndani ya ekzosi. Kinatakiwa kitoke kisafi au karibu na usafi. Kikitoka cheusi, kichujio kimepasuka ndani, na hakuna kuchoma masizi kutakakokiponya. Usichanganye na kujaa. Kikijaa masizi, gari linayachoma lenyewe kwa joto la nyuzi 550 hadi 600. Lakini jivu la oili haliungui, linabaki humo mpaka kichujio kifunguliwe kisafishwe kwa mashine. Ndiyo maana oili ya gari lenye DPF lazima iwe ile yenye jivu kidogo. Nimewahi kuona gari zuri limeharibika kwa kuongezewa oili yoyote iliyokuwepo njiani.

Na AdBlue, ile dawa ya yurea inayopulizwa kwenye ekzosi, iwe safi. Yurea ni asilimia 32.5 na yaliyobaki ni maji yaliyosafishwa, huwezi kuongeza maji ya bomba ukategemea sensa isijue. Ukiona chumvi nyeupe imeganda kwenye viungo vya bomba la ekzosi, kuna sehemu inavuja au nozeli yake inadondosha badala ya kupuliza.

DerevaMwenyewe

Asanteni sana. Fundi shikamoo, na dada asante. Maswali mawili. Gari letu la pili la nyumbani ni la zamani, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, je utaratibu ni huohuo? Na siku ya kipimo chenyewe nifanye nini?

FundiWaHewa

Marahaba.

La zamani utaratibu wa hewa ni huohuo. Ila pale hakuna kompyuta ya kubana mafuta. Kuna kikombe cha diaframu juu ya pampu, kinapokea presha ya tabo kwa kibomba chembamba, ndicho kinachoachia mafuta kidogo kidogo. Kibomba kikipasuka, mara nyingi gari linakuwa zito kuondoka. Lakini watu wengi wamekiseti kiache mafuta mengi mapema ili gari liruke, na skrubu za pampu wamezifungua wakitafuta nguvu. Hilo litafeli kila mara. Kama sili ya pampu imekatwa, ipeleke kwa mtu mwenye benchi ya kupimia pampu airudishe kwenye vipimo vyake. Usizungushe skrubu kwa masikio.

Siku ya kipimo. Kwanza kabisa, kabla hujaruhusu mtu akanyage mafuta mpaka chini gari likiwa frii, hakikisha oili iko kwenye alama, presha ya oili ni nzuri, mikanda ya feni ni mizima, na injini haina mlio wa ajabu. Injini inakwenda mpaka mwisho wa mzunguko wake bila mzigo, mara sita au zaidi. Yenye ugonjwa wa ndani inaweza kuvunjika pale pale.

Nenda na dizeli safi. Toa maji yaliyokusanyika kwenye kitenganishi cha maji na mafuta, na kama chujio la mafuta limezeeka libadilishe siku kadhaa kabla ili hewa iliyoingia iwe imekwisha kutoka.

Kisha litembeze. Angalau nusu saa ya barabara na mzigo, injini ifike joto lake kamili. Masizi yaliyokaa kwenye silensa na bomba yaondokee barabarani, yasiondokee kwenye mashine ya mkaguzi. Panga miadi ili ufike na kuingia. Gari lililosimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili likinguruma polepole linapoa silinda na kukusanya masizi upya, na wewe utahesabiwa masizi ya foleni. Kama foleni ni ndefu, zima. Zamu yako ikikaribia, zunguka nalo tena kidogo.

Mbele ya mkaguzi: zima kiyoyozi, zima breki ya injini, weka magogo kwenye matairi, frii. Kukanyaga kuwe kumoja, haraka, mpaka chini, shikilia mpaka injini ifike mwisho wake na sekunde moja mbili zaidi, halafu achia. Usikanyage polepole ukidhani unapunguza moshi. Utaambiwa urudie, na namba zikipishana sana hazikubaliki. Zako zilikuwa 57 mpaka 61, zimekaa pamoja. Hiyo inanionyesha mguu wako ni mzuri na ugonjwa ni wa kweli.

Na kagua ekzosi yote kabla, kuanzia kwenye manifodi. Inayovuja kwenye kiungo mkaguzi ataikataa kabla hata hajawasha mashine.

DerevaMwenyewe

Narudi na taarifa, siku kumi zimepita.

Chujio lilikuwa bado zima. Tabo nzima. Mipira nilikuwa na uhakika ndiyo, nikaibadilisha miwili iliyochakaa, nikafunga klempu mpya. Nikapima kwa upepo: kutoka psi 30 ikashuka mpaka 17 kwa sekunde 15. Nilikata tamaa kidogo. Nikapaka sabuni mipira yote, kimya, hakuna povu. Mdogo wangu ndiye aliyesikia, akaniambia zima kompresa usikilize. Ikasikika kama mtu anapuliza chai. Ni intakula yenyewe, kona ya juu kushoto, pale mapezi yanapoungana na tangi la pembeni. Ufa umejificha nyuma ya kishikio cha rejeta, sabuni haikuwa inafika. Tumeishusha, imechomelewa, tumepima tena nje ya gari na baada ya kuirudisha. Sasa inashuka psi 3.

Sensa ya manifodi fundi umeisema kama uliiona. Ilikuwa nyeusi, tundu lake limebaki la kupitisha sindano. EGR ilikuwa na uchafu lakini inafunga. Tapeti tumeseti, mbili za kuingizia zilikuwa zimebana. Nozeli hatujagusa. Fundi wangu alinuna, halafu alipoona geji inashuka mwenyewe akaacha kubisha, na ndiye aliyechomelea.

Jana nimepanda ule mlima na mzigo uleule. Nilikuwa natazama kioo cha pembeni. Lilitoka la kijivu hafifu kwenye kubadilisha gia ya kwanza kwenda ya pili, basi. Narudi kupima Jumatano, miadi ni ya saa nne, nitakuwa nimetembea dakika arobaini kufika pale.

Kimebaki kitu kimoja: asubuhi likiwa baridi linatoa moshi mweupe kama dakika moja hivi, halafu unakatika. Hauna harufu ya maji ya rejeta, unachoma macho. Nilifuatilie kabla ya Jumatano?

FundiWaHewa

Unaochoma macho ni dizeli ambayo haijaungua, silinda bado ni baridi. Dakika moja inayokatika injini ikipata joto haitaonekana kwenye kipimo, kwa sababu utaingia ukiwa moto. Usifungue kitu chochote sasa hivi, umebakiza siku chache.

Ila baada ya Jumatano fanya ile ya kipimajoto kwenye matawi ya ekzosi, asubuhi, dakika ya kwanza kabisa. Kama ni tawi moja linalochelewa kupata joto, tazama nozeli ya hapo, hiyo moja. Na utuletee namba zako tatu.